Ngoma ya shule iwe ya watoto kwanza

  Wewe mama unayesonga ugali, ongeza sauti ya redio kidogo. Wewe mwalimu unayesahihisha madaftari, weka kalamu chini kwa dakika chache. Leo nataka tuzungumze kuhusu watoto wetu, na kuhusu ngoma.

Ndiyo, ngoma. Mbina yetu hii hii tunayoijua.

Nianze na swali. Shuleni kwa mwanao, ngoma huchezwa lini? Fikiri kidogo kabla hujajibu. Najua wengi mtasema: siku ya mahafali ya darasa la saba, siku ya kupokea Mwenge, siku mkuu wa wilaya anapokuja kuzindua madarasa, na wakati wa UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi. Mgeni rasmi anaketi chini ya turubai, watoto wanaingia na njuga miguuni, vumbi linatimka, picha zinapigwa, watu wanatuza. Kisha magari yanaondoka. Njuga zinarudishwa stoo pamoja na madawati yaliyovunjika, na hapo zitakaa mpaka aje mgeni mwingine.

Sasa ninachotaka kusema leo ni jambo moja, na nitalirudia ili hata aliyefungua redio sasa hivi alipate. Ngoma ya shule iwe ya watoto kwanza. Iwe ya mtoto aliyeumia moyoni, na iwe ya watoto wawili waliogombana. Mgeni akija akaikuta, ni heri. Ila asiwe yeye ndiye sababu ya watoto kucheza.

Tuanze na huyo mtoto aliyeumia. Je, hapa mkoani kwetu Simiyu tunao watoto walioumia? Tuambiane ukweli, tunao.

Yuko mtoto anayelelewa na bibi kwa sababu mama aliondoka nyumbani akikimbia kipigo, na yeye alikuwa amesimama mlangoni akiona yote. Yuko aliyekesha shambani na baba yake wakipiga madebe kuwafukuza tembo waliotoka Serengeti, na asubuhi anasinzia darasani, lakini mlango ukibamizwa anaruka. Yuko mtoto mwenye ualbino, anayejua vizuri kwa nini hapewi ruhusa ya kutembea peke yake. Mnakumbuka miaka ile mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino yalipopamba moto Kanda ya Ziwa, watoto wengi walilazimika kuhamishiwa vituo kama Buhangija, Shinyanga, mbali na mama zao. Na mwaka 2024, mwezi wa nane, wakazi wa Lamadi waliingia barabarani kulalamikia watu kupotea, na katika vurugu zile kijana mmoja akapoteza maisha. Sisi watu wazima tuliyazungumza hayo sokoni na vijiweni. Watoto nao walikuwa pembeni wakisikiliza. Nani aliketi nao akawauliza wanajisikiaje?

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya Watanzania hupitia ukatili wa kupigwa kabla ya kutimiza miaka 18. Robo tatu! Yaani katika kila watoto wanne unaowaona wakikimbia nyuma ya mpira, karibu watatu.

Sasa mtoto huyu akifika shuleni, je, anakuja na barua inayosema ameumia? Hapana. Anakuja na ngumi. Au anakuja na ukimya. Au kila siku saa nne anasema tumbo linamuuma, na zahanati wanampima hawaoni ugonjwa. Sisi tunasema: huyu mkorofi, huyu mvivu, huyu ana kiburi. Na dawa tunayoikimbilia ni fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zinasema adhabu ya viboko ni ya mwalimu mkuu au yule aliyempa idhini kwa maandishi, na visizidi vinne. Mnajua wenyewe kama ndivyo inavyofanyika. Lakini hata ikifanyika kwa kufuata kanuni, nauliza: mtoto ambaye tatizo lake ni kupigwa, utamponya kwa kumpiga?

Hapa ndipo ninapoileta ngoma.

Mtoto wa darasa la pili hana maneno ya kueleza hofu. Ukimwita ofisini ukamwambia, haya, niambie kinachokusumbua, atatazama vidole vya miguu yake. Hofu yake iko mwilini: mabega yamepanda, pumzi ni fupi, mikono imekunjwa. Ngoma inaanzia huko huko mwilini. Mdundo unamwomba mguu wake, mguu unaitikia, pumzi inafuata. Akiimba kiitikio, hawezi kuibana pumzi kifuani. Lazima aivute na kuitoa. Akisimama kwenye duara, anaona nyuso za wenzake wote, na hakuna aliye nyuma yake wa kumshtua. Na hakuna anayemuuliza swali lolote. Anaruhusiwa kuwa pale, na wenzake, kabla hajaweza kusema.

Tena kuna jambo la kufanya kitu kwa pamoja. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha utafiti walioufanya na wanafunzi wa sekondari nchini Brazili. Waliwachezesha kwa makundi: wengine wakafuata hatua moja kwa wakati mmoja, wengine kila mtu na hatua yake. Waliocheza kwa kwenda sawa walivumilia maumivu zaidi baada ya kucheza, na walijiona wako karibu zaidi na wenzao. Wazee wetu hawakuhitaji maabara kulijua hilo. Waliliona shambani, na nitalirudia baadaye.

Labda mtu ananiambia: mtangazaji, hayo ni ya Brazili, tuletee mfano wa jirani. Haya, twende Uganda ya kaskazini.

Kule kwa Waacholi, vita vya waasi wa Joseph Kony vilidumu karibu miaka ishirini. Watoto waliibwa usiku, wakageuzwa wapiganaji, wengine wakalazimishwa kufanya mambo ambayo siwezi kuyataja saa hizi watoto wakiwa macho. Mamia ya maelfu ya watu waliishi kambini. Moja ya kambi hizo ilikuwa Patongo, na ndani yake kulikuwa na shule ya msingi. Mwaka 2005 watoto wa shule hiyo walikwenda Kampala kushiriki mashindano ya kitaifa ya muziki na ngoma ya shule za msingi. Walitoka kambini, kwenye ulinzi wa askari, wakaenda kusimama jukwaa moja na shule kutoka sehemu ambazo hazikuwa zimeonja vita. Wakacheza bwola, ngoma ya heshima ya Waacholi, inayochezwa kwa duara huku wachezaji wameshika ngoma ndogo mikononi. Nao wakarudi nyumbani na tuzo ya ngoma ya asili. Habari yao ilitengenezewa filamu iitwayo War Dance, iliyotoka mwaka 2007.

Nini kinanigusa katika habari ya Patongo? Kikombe ni kizuri, lakini kilichonigusa ni mazoezi. Wiki baada ya wiki, mtoto aliyepoteza wazazi alikuwa na mahali pa kwenda, na watu waliomngoja, na hatua ambayo bila yeye duara lina pengo. Bwola ni ngoma ya baba zao na babu zao. Vita vilikuwa vimewaambia watoto wale kwamba wao ni wakimbizi tu na wauaji tu. Ngoma ikawaambia: ninyi ni Waacholi, ninyi ni watoto wa watu.

Sasa turudi nyumbani. Tumeshasema kuhusu mtoto aliyeumia. Tuje kwa watoto wawili waliogombana. Je, sisi Wasukuma tuna cha kutufundisha hapo? Tunacho, tena kikubwa kuliko tunavyofikiri.

Nani katika mkoa huu hajui Bagika na Bagalu? Inasimuliwa kwamba katika karne ya kumi na tisa walikuwapo waganga wawili waliokuwa pia mamanju, yaani viongozi wa ngoma, Ngika na Gumha. Kila mmoja alidai kwamba dawa zake ndizo zenye nguvu. Mabishano hayakwisha kwa maneno. Basi wakapimana kwa ngoma: kila mtu na wachezaji wake, na watazamaji ndio waamuzi. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wafuasi wa Gumha wakawa Bagalu, na mpaka leo baada ya mavuno, pamba ikishauzwa, makundi haya mawili yanakutana uwanjani. Kule Bujora, Kisesa, Padri David Clement, mmisionari aliyetoka Kanada, aliyapa mashindano haya nafasi katika sherehe ya Bulabo kila Juni, na hapa kwetu Bariadi tumeyaona kwenye Simiyu Jambo Festival.

Lakini hebu tuzitazame kanuni zake, maana mafunzo yamo humo. Makundi mawili yanaanza kwa wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja. Huruhusiwi kwenda kuvunja ngoma ya mwenzako. Huruhusiwi kumpiga manju wa upande wa pili. Unaweza kumwimba, unaweza kumchokoza kwa maneno, lakini ili umshinde ni lazima wewe ucheze vizuri zaidi. Watu wanatembea kwa miguu yao kuelekea palipowavutia, na palipojaa ndipo ushindi ulipo. Jua likizama, Mgika na Mgalu wanarudi kijiji kimoja, wengine wanaingia nyumba moja.

Mnaona? Ushindani upo, hasira ipo, hamu ya kushinda ipo. Vyote vimepewa uwanja na kanuni. Wakati mwingine tunawaambia watoto, msigombane, pendaneni, basi. Mtoto anabaki na hasira yake bila kujua aiweke wapi. Babu zake walikuwa na pa kuiweka.

Na kuna bugobogobo, ngoma ya majembe, iliyozaliwa kwenye kilimo cha pamoja. Wakulima wanapanga mstari, ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja, na shamba ambalo lingemaliza wiki linaisha siku moja. Ndilo lile nililosema wazee waliliona shambani: wakienda sawa, uchovu unapungua na moyo unaungana.

Sasa, mwalimu, najua unajiuliza: haya yote nitayafanyaje mimi, mwenye darasa lililofurika na kipindi cha dakika arobaini? Swali zuri. Nitakupa mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti.

La kwanza, anzeni na duara la asubuhi. Mara mbili kwa wiki, kabla ya kuingia darasani, dakika kumi. Huhitaji ngoma za ngozi. Ndoo tupu ya rangi inatosha, dumu linatosha, na ile rimu ya gari mnayoigonga kama kengele inatosha kabisa. Mtoto mmoja anatoa hatua, wote wanaifuata. Kesho anatoa mwingine. Siku ya yule mkimya ikifika, hatua yake ikiwa ni kutikisa bega tu, wote watikise bega. Asicheke mtu. Umeona ulichompa? Kwa dakika moja watoto wote wamemfuata yeye.

La pili, mpini. Chukueni mipini mitupu, bila jembe, ili asiumie mtu. Wawili wawili, watazamane, warushiane mipini kwa kufuata mdundo kama wachezaji wa bugobogobo wanavyorusha majembe. Wapange pamoja wale waliopigana jana. Mara ya kwanza kila mmoja atarusha kwa hasira, mpini utaanguka, wenzao watasema anzeni tena. Watarudia. Mtazame mtoto yule: mara ya tatu au ya nne anaanza kumtazama mwenzake usoni, kwa sababu bila kumtazama hawezi kudaka. Anaanza kurusha ili mwenzake adake. Hapo ndipo waulize, mkiwa bado mnahema: jana ilikuwaje? Utashangaa jinsi maneno yanavyotoka kwa urahisi.

La tatu, Bagika na Bagalu wa shule. Gawa watoto makundi mawili, na waliogombana uwaweke kundi moja, ili ushindi wa huyu uwe ushindi wa yule. Watunge nyimbo zao wenyewe kuhusu mambo ya shule: wizi wa kalamu, kusukumana bombani, kumcheka anayekosea kusoma. Kanuni iwe moja, na waitunge wao: tunaimba kosa, hatumwimbi mtu. Hakuna kutaja mzazi wa mtu, umaskini wake, ulemavu wake wala rangi yake. Waamuzi wawe wanafunzi waliobaki, na wapige kura kwa miguu kama ilivyo desturi. Mwisho, walioshindwa wawapigie ngoma walioshinda, kisha wote waingie duara moja. Na baada ya mwezi, changanya makundi upya, ili upande usigeuke kuwa uadui.

La nne, tumia kipindi ulichonacho. Mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi. Kipindi hicho kipo kwenye ratiba. Kisiliwe na hisabati, kisiliwe na kufagia uwanja.

Narudia kwa aliyechelewa: duara la asubuhi, mpini, Bagika na Bagalu wa shule, na kipindi cha sanaa kilindwe.

Wasikilizaji, nisiposema na tahadhari nitakuwa sijawatendea haki. Ngoma haiponyi kila kitu. Mtoto aliyebakwa, mtoto anayechomwa moto nyumbani, mtoto anayekaribia kuozeshwa akiwa darasa la sita, huyo usimpeleke kwenye duara ukadhani umemaliza kazi. Huyo anahitaji mwalimu wa unasihi, ofisa ustawi wa jamii, na dawati la jinsia na watoto pale polisi. Namba ya Simu ya Mtoto ni 116, na ukipiga hukatwi salio. Ngoma inaweza kumfanya mtoto akuamini mpaka akwambie. Akishakwambia, wajibu ni wako.

Jingine, mtoto asilazimishwe kucheza. Anayeogopa apewe ndoo apige, au akae ukingoni apige makofi. Atakuja mwenyewe siku yake. Mtoto mwenye ualbino achezee kivulini, na kofia, na mikono mirefu. Kwa hiyo duara lote lihamie chini ya mti, asitengwe peke yake. Wasichana wavae nguo wanazojisikia huru nazo, na asiwepo mtu mzima wa kuwakodolea macho au kuwatuza fedha mwilini. Na tafadhali, kuwasimamisha watoto juani saa nne nzima kumsubiri mgeni ili wacheze dakika tano, hilo tuliache. Hilo linawaumiza.

Najua pia wako wazazi wanaosema: mwanangu nimempeleka asome, sikumpeleka acheze. Mama, baba, nakuelewa. Umeuza mbuzi kununua sare. Lakini mtoto mwenye hofu hasomi. Yuko darasani, macho yako ubaoni, akili iko nyumbani inasikiliza kelele za jana. Akitulia, atasoma. Wengine wanasema ngoma zina mambo ya waganga na dawa za kuvutia watu. Ni kweli, desturi hiyo ipo katika mashindano ya wakubwa. Shuleni hatuleti dawa hizo. Tunaleta mdundo, duara na kanuni za kushindana bila kuumizana. Mchungaji, padri, shehe, njooni mtazame kwanza, kisha mtushauri.

Na ninyi wazee wetu, mlio mamanju, mnaozijua hatua na mnaojua kutunga wimbo wa fumbo wa kumrudi mtu bila kumtukana: mnangoja nini? Mwalimu kijana aliyepangiwa kituo hapa kutoka Mtwara au Kilimanjaro hazijui ngoma hizi. Nendeni kwa mwalimu mkuu, mwambieni mko tayari kuja Ijumaa moja kwa mwezi. Kamati ya shule iwapokee kwa heshima, hata kama ni kwa kikombe cha uji.

Basi tumekaribia mwisho. Nawaachia kazi wiki hii, kila mmoja na yake. Mzazi, leo usiku muulize mwanao: mkigombana shuleni, nani huwapatanisha, na huwapatanisha vipi? Sikiliza jibu mpaka mwisho. Mwalimu, chagua siku moja wiki ijayo, dakika kumi tu, ujaribu lile duara. Na wewe mwenyekiti wa kamati ya shule, ingia stoo uzitoe zile njuga, uwakabidhi watoto wenyewe wazitunze.

Ngoma ya shule iwe ya watoto kwanza: ya mtoto aliyeumia moyoni, na ya watoto wawili waliogombana. Ukijaribu, tuandikie ujumbe utuambie ilivyokwenda, ilivyofanikiwa na ilivyogoma, nasi tutausoma katika kipindi kijacho ili shule nyingine zijifunze kwako.